Barua ya wazi: Kabla ya kumfungulia mtu kesi ya uvamizi, ulizeni kwanza shamba lina mgogoro gani

Kwa Waheshimiwa Majaji Wafawidhi wa kanda zetu za Nyanda za Juu Kusini. Waheshimiwa Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo na za Wilaya. Makamanda wa Polisi wa mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Na Watendaji wa kata na vijiji.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima, na kwa walionizidi umri nasema shikamooni.

Mimi ni mkulima wa Rungwe na msaidizi wa kisheria katika kata yangu. Watu hunijia nyumbani na karatasi mkononi, mwingine na samansi, mwingine na nakala ya hukumu, waniambie nini kimeandikwa na wafanye nini. Nyingi za karatasi hizo zinahusu kosa la kuingia kwa jinai, ambalo huku kwetu tunaliita kesi ya uvamizi, na habari iliyomo hufanana sana. Ndugu wawili au majirani wawili wanagombea mpaka au urithi. Mmoja anawahi polisi. Mwenzake anakamatwa, anasimamishwa kizimbani, anahudhuria tarehe baada ya tarehe, na mwisho mahakama inatamka kwamba hapa kuna mgogoro wa umiliki, pande zote ziende kwenye vyombo vya ardhi. Jambo hilo lilikuwa wazi tangu siku alipokamatwa. Naomba litamkwe siku hiyo hiyo.

Sheria yenyewe ina mipaka yake, na mipaka hiyo imewekwa kwa makusudi. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hakimfanyi mhalifu kila mtu aliyekanyaga shamba ambalo mwenzake analitumia. Kinataka mali iwe mikononi mwa mtu mwingine. Kinataka mshtakiwa awe ameingia isivyo halali, au aliingia kihalali kisha akagoma kutoka. Na kinataka iwepo nia: ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliye na mali hiyo. Kwa shamba au kiwanja kitupu, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi mitatu. Ikiwa ni nyumba ya kuishi, ya ibada au ya kuhifadhia mali, inaweza kufika mwaka mmoja. Kisha kuna kifungu cha 9 cha Kanuni hiyo hiyo, ambacho sijui kwa nini hakisomwi kwa sauti vijijini: mtu aliyefanya jambo juu ya mali kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, bila nia ya kudanganya, hawajibiki kijinai.

Sasa mweke mbele ya vifungu hivyo mtu wa Kilolo anayelima kinyungu, yaani bustani ya bondeni, ambacho baba yake alikilima, au mama wa Tukuyu anayekata migomba kwenye kipande ambacho shemeji yake anasema si chake. Nia ya jinai iko wapi? Anaingia na jembe mchana kweupe, majirani wanamwona, na ukimuuliza anakwambia palepale kwamba shamba ni lake. Huenda amekosea. Huenda baba yake alikaribishwa tu na mwenye eneo, au mpaka halisi uko mbele ya pale alipozoea. Lakini kukosea kuhusu mpaka ni shauri la madai, na lina mahali pake pa kusikilizwa.

Mahakama Kuu ya Tanzania imelisema hili kwa zaidi ya miaka 30. Katika shauri la Ismail Bushaija dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1991, ilielekeza kwamba katika kesi ya kuingia kwa jinai ukizuka ubishi juu ya umiliki wa ardhi, mahakama isiendelee na shtaka la jinai, bali mlalamikaji ashauriwe kufungua shauri la madai. Mwaka uliofuata, katika shauri la Sylivery Nkangaa dhidi ya Raphael Albertho, ikaeleza tena kwamba mahakama ya jinai si mahali pa kuamua nani mwenye ardhi, na kwamba shtaka hilo haliwezi kusimama wakati umiliki bado haujaamuliwa. Maamuzi mengi ya baadaye yamefuata njia hiyo hiyo. Mahakimu wetu wanayajua. Waendesha mashtaka wanayajua. Asiyeyajua ni mkulima aliyekaa mahabusu.

Hapa kuna jambo zito zaidi, Waheshimiwa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Sura ya 216, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kuamua shauri la madai la ardhi. Bunge liliiondoa kazi hiyo huko likaipeleka kwenye mabaraza. Kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo inapomtia mtu hatiani kwa uvamizi wa shamba ambalo wawili wanaligombea, inakuwa imeamua kwa mlango wa nyuma shauri ambalo isingeruhusiwa kulipokea kwa mlango wa mbele. Ndiyo maana hukumu za namna hii zikikatiwa rufaa huwa katika hatari kubwa ya kutenguliwa. Lakini wangapi wanakata rufaa? Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya una siku 30, na hizo huisha mtu angali anatafuta nauli na mtu wa kumwandikia sababu za rufaa.

Kwa nini watu wanapenda njia ya polisi? Nimewasikiliza walalamikaji pia, na si wote wana hila. Wengine wameonewa kweli na wanakimbilia chombo wanachokijua. Polisi iko karibu, kufungua malalamiko ni bure, unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na jioni mwenzako yuko ndani. Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuna ada, kuna maombi ya kuandikwa kwa utaratibu wake, na kuna safari ndefu. Mtu wa kijiji cha ndani Makete au Ludewa akipiga hesabu ya nauli, chakula na mashahidi wake watatu, anaona polisi ni nafuu. Kwa hilo siwezi kumlaumu.

Ila wapo wenye hila, na hila yao naieleza wazi. Kwa kawaida mtu ana miaka 12 tu ya kudai ardhi mahakamani tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Sasa ardhi ya huku imepanda thamani. Njombe, Mufindi na Rungwe, vilima ambavyo zamani hakuna aliyevitazama leo vina misindano, mikaratusi na parachichi. Mtu aliyehama kijiji zamani anarudi, anakuta binamu yake amepanda miti na miti imekua. Akienda barazani ataulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo, na atatakiwa kuthibitisha kwamba huyo binamu alikaribishwa tu. Akienda polisi haulizwi. Anasema tu kwamba mtu amevamia shamba lake, na anayebaki kujieleza ni yule aliyelima siku zote.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la mahabusu, kwa sababu ndipo maumivu yalipo. Kosa hili lina dhamana. Mtuhumiwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi. Pamoja na hayo, anayekamatwa Ijumaa mchana anajua kwamba huenda akalala ndani hadi Jumatatu, na anayemkamatisha anajua hivyo pia. Akifika mahakamani anatakiwa wadhamini wenye barua ya mtendaji na vitambulisho. Kama mgogoro ni wa ukoo, wadhamini wake wa asili ni ndugu, na nusu ya ndugu wako upande wa pili. Mtendaji naye pengine ni shahidi wa mlalamikaji. Mtu anakosa wadhamini, anapelekwa rumande kwa kosa ambalo hata akikutwa na hatia hawezi kufungwa zaidi ya miezi mitatu. Hapo adhabu inaanza kabla ya hukumu, wakati Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika.

Halafu angalieni tarehe za kesi hizi. Mvua za huku huanza Novemba, au mwanzoni mwa Desemba. Kesi za uvamizi huongezeka kipindi hicho, kwa sababu ndipo majembe yanapoingia shambani. Mkulima wa mahindi aliyekosa kupanda ndani ya wiki zake hana msimu mwingine mpaka mwaka unaofuata. Hata akiwa nje kwa dhamana, mara nyingi ameambiwa kwa mdomo, na mtu mwenye cheo, asikanyage hapo mpaka kesi iishe. Zuio la kutotumia ardhi ni jambo la kuombwa kwenye baraza lenye mamlaka, likasikilizwa, likatolewa kwa maandishi, na aliyezuiwa akapewa nafasi ya kulipinga. Neno la mdomo la kaunta ya polisi au ofisi ya kijiji si zuio. Lakini mkulima ataliogopa kama amri ya mahakama, mvua zitapita, na watoto wake watakula mahindi ya kununua.

Nichukue mfano wa mjane, kwa kuwa wasaidizi wa kisheria wa mikoa hii wanaufahamu vizuri. Mume amefariki. Mirathi haijafunguliwa, kwa sababu kila mtu ameona ni mapema au ni aibu kuanza kuulizana mali. Msimu wa kilimo unafika, mama anaingia shambani alikolima na mumewe, na mashemeji wanasema shamba ni la ukoo, yeye arudi kwao. Anakataa, wanamfungulia kesi. Mahakamani anaulizwa kama aliingia shambani. Anajibu ndiyo, niliingia, ni shamba langu na marehemu. Akisikilizwa vibaya, ile "ndiyo" inaandikwa kuwa amekiri kosa, na anaadhibiwa. Jibu lote kwa pamoja si kukiri hata kidogo. Ni kudai haki, na mtu akijibu hivyo inapaswa kuandikwa kwamba amekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Kinachotakiwa hapo ni kufungua mirathi na kumteua msimamizi. Hakimu yule yule wa Mwanzo ndiye mwenye uwezo wa kupokea maombi hayo pale mirathi inapofuata mila au dini ya Kiislamu. Kuna ugumu gani kumwambia mama huyo na mashemeji zake wahamie kwenye jalada hilo?

Sisemi kosa hili lifutwe. Kuna mtu ameshindwa kwenye baraza, rufaa zimeisha, mwenzake amekabidhiwa eneo, naye anarudi na kundi la vijana kung'oa miche. Huyo ni wa kushtakiwa, tena haraka. Kuna mwenye nyumba anayevamiwa usiku. Kuna mpangaji ambaye mkataba umekwisha na anabaki ili kumtukana na kumtisha mwenye nyumba. Na hata pale umiliki unapogombewa, hakuna anayeruhusiwa kumkata mwenzake panga wala kufyeka mazao yake. Shambulio ni shambulio na uharibifu wa mali ni kosa linalojitegemea, polisi wasingoje baraza. Kuingia hifadhini bila kibali kuna sheria zake nyingine, na siligusi hapa.

Makamanda, ombi langu kwenu ni swali moja kwenye kaunta, kabla ya jalada kufunguliwa na kabla ya mtu kukamatwa: je, huyu unayemlalamikia anasema shamba ni lake? Mpigieni simu mwenyekiti wa kitongoji, yeye anajua. Kama jibu ni ndiyo, na hakuna vitisho wala uharibifu, mwandikieni mlalamikaji barua fupi ya kumpeleka Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na liliundwa kwa ajili ya usuluhishi wa namna hii.

Waheshimiwa Mahakimu, mshtakiwa akitamka siku ya kusomewa shtaka kwamba ardhi ni yake, msisubiri afike kwenye utetezi. Waulizeni wote wawili maswali machache: nani alikuwa analima msimu uliopita, ardhi ilipatikana vipi, kuna uamuzi wowote wa baraza? Majibu yakionyesha ubishi wa kweli, elekezeni pande zote mahali panapohusika wakati hata shahidi wa kwanza hajapanda. Na pale ambapo kosa ni la kijirani tu, mmekwisha kupewa na sheria uwezo wa kuhimiza suluhu katika makosa ya binafsi, kukiwa na fidia au bila fidia. Katiba, ibara ya 107A, nayo inawataka mkuze usuluhishi kati ya wanaogombana. Wazee wetu wakikaa na pande mbili wakapima mpaka kwa kamba mbele ya majirani, mgogoro huo aghalabu hauamki tena.

Kuna jambo moja ambalo pengine hamlioni kutoka kwenye kiti chenu, kwa sababu hutokea watu wakishatoka nje ya lango. Mshtakiwa akiachiwa huru, anakwenda kijijini kutangaza kwamba ameshinda shamba. Akitiwa hatiani, mlalamikaji anachukua nakala ya hukumu na kuipeleka kwa mtendaji kama vile ni hati ya hakimiliki ya kimila. Hakuna kati yao aliyepewa shamba. Hukumu ya jinai imeamua tu kama kosa limethibitika. Lakini hawakuelezwa, na kesho yake jembe linaingia tena, safari hii na marungu. Naomba sentensi tatu ziandikwe mwishoni mwa kila hukumu ya aina hii na zisomwe kwa sauti: kwamba mahakama haijaamua ardhi ni ya nani, kwamba anayetaka uamuzi huo aanzie baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwamba mpaka hapo hakuna mwenye ruhusa ya kumfukuza mwenzake kwa nguvu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hata tafsiri haihitajiki.

Watendaji, na ninyi wakuu wa halmashauri mnaowasimamia, huu ni upande wenu. Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilibadilishwa, mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na usuluhishi tu. Bado nakutana na watu wenye karatasi za baraza la kata zilizoandikwa "hukumu" baada ya mabadiliko hayo. Wananchi hawajui kwamba Baraza la Wilaya haliwezi kusikiliza shauri lao bila uthibitisho wa kata kwamba usuluhishi umeshindikana, na wala hawajui kwamba siku 30 zikipita kata haijawasuluhisha, wanaweza kwenda wilayani bila karatasi hiyo. Wanaambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, akidi haijatimia. Wakichoka wanakwenda polisi. Sehemu ya kesi mnazolalamikia kwamba zinajaza mahakama imezaliwa ofisini kwenu.

Bandikeni utaratibu huo kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na makanisa na misikiti iombwe kuutangaza. Mabaraza ya kata yapewe siku maalumu ya vikao na posho ya wajumbe isicheleweshwe, maana mjumbe asiye na nauli hafiki. Sisi wasaidizi wa kisheria, tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, tuko tayari kukaa pembeni ya kaunta au kwenye korido ya mahakama siku za kusomewa mashtaka, bila malipo, kuwaeleza watu tofauti ya jinai na madai. Tunachohitaji ni ruhusa ya mkuu wa kituo na ya hakimu mfawidhi.

Kama Majaji Wafawidhi mtaona inafaa, toeni maelekezo haya kwa Mahakama za Mwanzo kabla ya Novemba. Wakati huo mashamba yatakuwa yanaandaliwa, na malalamiko yataanza kufika vituoni.

Wenu mtiifu,
Mkulima na msaidizi wa kisheria, Rungwe, Mbeya